Msaga Unga Aliyekwenda Kutembea Tu

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya maneno lilikuwa neno moja, na halikutoka gazetini. Nililitia kinywani mwa mtu mwingine, mzee mwenye kinu cha kusaga unga pale Ekerenyo, naye akalibeba akavuka nalo ziwa. Mzee huyo amefariki. Habari niliipata Jumatatu nikifungua duka ninalofanyia kazi mjini Kisii, kutoka kwa kondakta wa basi la Nyamira anayenijua. "Yule mzee wako wa kinu ameenda," aliniambia. "Kifua." Kisha akaongeza, kana kwamba ni sehemu ya habari ileile, "Sijui sasa kile kitu atakirithi nani." Alilisema jambo hilo kwa upole, kama mtu anayeulizia shamba la marehemu. Basi likaondoka, nami nikabaki na ufunguo mkononi. Kwa miaka kadhaa watu wa upande ule wameamini kwamba mzee alitoka Tanzania na kitu. Hakuna aliyekiona. Mimi ninajua alichokwenda nacho, kwa kuwa ndimi niliyempa, na sikuwahi kusema.

Msomaji wangu anayenifuata katika safu hii anajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Sikusoma sana, nilitoka darasa la saba nikajifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari na kwa masomo ya Sabato kanisani. Anayejifundisha mwenyewe huogopa kila wakati kwamba kuna kitu ambacho wenzake walifundishwa siku ambayo yeye hakuwapo. Aya hizi nimezichana na kuziandika upya mara nyingi. Lakini niliyoyaona mazishini yamenikataza kuendelea kusahihisha na kunyamaza.

Watu walikuja wengi, ila walisimama mbali. Huku kwetu watu husogelea kaburi mpaka mchungaji aombe nafasi ya kusimama. Safari hii walijipanga kando ya uzio wa miti, na katikati pakabaki uwanja mtupu wa nyasi. Wachimbaji walifukia haraka, bila ule utani wa kawaida wa nani ana mikono laini. Chakula kilipopakuliwa, wengi walikumbuka kwamba wana ng'ombe wa kukama, ingawa jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mjane pale jirani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alipomsogelea na kumuuliza kwa sauti ndogo: "Mama, kile kitu alichotoka nacho kule, mmemzika nacho ama umebaki nacho wewe?" Mjane akafunga leso yake upya. Jirani akangoja kidogo, kisha akasema, "Mimi nakuuliza tu kwa wema. Vijana wanaongea." Anayefahamu sehemu zetu anajua maana ya vijana kuongea juu ya mama mzee anayelala peke yake: usiku mmoja nyumba huchomwa moto.

Mzee huyo hakuwa mtu wa mambo ya giza. Alikuwa mtu wa makelele. Injini ya kinu ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kana kwamba amesimama ng'ambo ya mto. Mara yangu ya kwanza kufika pale nilitumwa na tajiri wangu kupeleka mkanda mpya wa injini. Katika chumba chake kidogo niliona kalenda ya mwaka uliokwishapita, yenye picha ya mawe ya Mwanza: jiwe kubwa limekaa juu ya jingine, maji yamezunguka chini. "Momura," aliniita, ndiyo kusema kijana, "hili linashikiliwa na nini?" Nikasema sijui. Akaitazama picha, akanitazama mimi ninayesemekana kusoma sana, akasema, "Basi itabidi nikalione." Nilidhani anatania. Baada ya mavuno akanitumia salamu niende, kwamba yeye na mkewe wanataka likizo fupi ya kutembea Musoma na Mwanza, na kwamba mimi, kwa kuwa ninajua vitabu, niwapangie.

Lazima nieleze jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Huku kwetu mtu akipita na begi huulizwa kwanza nani amefariki. Kama hakuna aliyefariki, basi kuna anayeoa, au kuna mgonjwa, au karo, au ng'ombe. Safari ina mlango wake na mlango huo ni shida. Wazungu hushuka mjini Kisii na kamera, wakatazama vilima na ndizi zetu na kuondoka, na hakuna anayewauliza wametumwa na nani. Lakini mwenzetu akisema anakwenda kuona tu, watu hutazamana. Nilikuwapo kinuni akina mama walipokuwa wakingoja zamu, na mmoja akamuuliza mbele ya wote, "Nani amefariki Tanzania?"

"Hakuna."

"Basi nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Naenda kutembea."

"Na mama watoto? Kwa gari la nani?"

"Basi, halafu meli," mzee akanguruma. "Halafu miguu."

"Miguu," mama akawaambia wenzake. "Mtu mzima na kinu chake, anakwenda kuzunguka nchi ya watu kwa miguu kama aliyepotelewa na ng'ombe." Wakacheka sana, na mzee akacheka nao, ingawa nadhani alisikia nusu tu.

Habari ya gari ilizungumzwa mno. Shemeji yake wa Ikonge alimjua mtu mwenye Peugeot ya kukodi pamoja na dereva, akasema ni aibu mwenye mali kwenda starehe kwa basi. Mzee alikataa. "Dereva ataniuliza twende wapi," alisema, "na mimi sijui, ndiyo maana naenda. Tena ndani ya gari nitaona nini? Kisogo cha dereva." Nilifurahi, kwa sababu safari bila gari ilinipa kazi nyingi ya kupanga. Meli lazima iondoke Kisumu siku itakayowafikisha Musoma kabla jua la Ijumaa halijatua, kwani wao ni Wasabato na hawasafiri Jumamosi. Sabato wasali kule, Jumapili wapande tena kwenda Mwanza. Na kwa kuwa mtu wa miguu hana budi kujua aendako, niliwachorea ramani. Nilimuuliza kila niliyemjua aliyewahi kufika kule, nikaweka bandari, benki, kituo cha polisi, hospitali, kilima cha kutazamia ziwa. Niliipiga rula. Niliipenda sana ramani ile.

Ilibaki lugha. Ekegusii ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumba ile, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuuza na kununua. Nikawaambia kwamba Watanzania husema Kiswahili safi, na kwamba wao wawili wataona haya mbele ya wenyeji. Mwenye gari huendeshwa na petroli. Asiye na gari huendeshwa na mdomo, kila njia panda lazima aulize, na kuuliza, ingawa si ujinga, kunataka maneno. Basi Jumapili moja nikakaa nao barazani nikawafundisha. Mama alikuwa mcheshi. Nilipowaambia kule watamwita mzee "baba" na yeye "mama", alishika kiuno. "Wewe mtoto, kwetu baba ni nani?" Kwa Ekegusii, msomaji, baba ndiye mama, na baba mzazi ni tata. "Wakiita baba nitaitika mimi, wakiita mama nitaitika mimi. Huyu mzee ataitikia nini?"

"Ataitikia injini," mzee akasema, na ilikuwa nadra yeye kusikia jambo likisemwa mara moja tu.

Kisha nikawauliza watasema nini wakiulizwa wamefuata nini. Mzee akajibu bila kufikiri, "Nitasema nimekuja kutembea."

"Hapana, tata," nikamwambia. "Hicho ni Kiswahili cha sokoni. Kutembea ni miguu tu."

"Si tutatumia miguu?"

"Sema hivi: tumekuja kuipeleleza nchi yenu na kuchunguza mandhari yake."

Naomba msomaji asicheke mapema. Kiswahili changu nilikipata kanisani, na kanisani Musa aliwatuma watu wakaipeleleze Kanaani, wakarudi na zabibu, na walimu wetu walipenda sana habari hiyo. Sikuwa nimewahi kulisikia neno lile likisemwa na mtu wa barabarani. Kwangu lilinukia maziwa na asali. Tena mwaka uliotangulia Uganda na Tanzania zilikuwa zimeshambuliana, mabomu yalikuwa yameanguka katika miji ya ziwani, na redio ilikuwa ikisema. Mimi nilisikiliza redio ile kila jioni na sikuunganisha kitu na kitu. Mzee alilirudia neno mpaka likakaa. Mkewe alilijaribu akasema linamkwama kooni. Nikamwambia amwachie mzee.

Yaliyotokea Musoma nimeyapata kwa mama. Walifika salama, wakasali, na alasiri, ibada ilipokwisha, wakatoka kutafuta kile kilima cha kutazamia ziwa. Mwenyeji mmoja akawaamkia vizuri, "Shikamooni wazee, mmetoka wapi?" Kenya. "Mmekuja kumwona nani?" Hatumjui mtu, mzee akasema, na akavuta pumzi kama mwanafunzi aliyengoja swali lake. Akalisema. Alilisema kwa sauti yake ya kinuni, barabarani, watu wakitoka kazini. Mwenyeji alitabasamu kwanza. "Rudia, mzee." Mzee akarudia kwa furaha, akaongeza na mandhari. Mama anasema barabara ilinyamaza kama kinu kinapozimwa, ule ukimya unaokuja ghafla ukagundua ulikuwa unapiga kelele. Hakuna aliyewatukana. Walipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa mtaa, akawapa viti na maji. Baadaye kidogo begi likafunguliwa, na ramani yangu ikatandazwa mezani, bandari yake na benki yake na kituo chake cha polisi, vyote vimepigwa rula.

Mama aliachwa akakaa na familia moja ya kanisa. Mzee akawekwa ndani. Sitakitaja kituo, wala siwalaumu. Mimi ningekuwa askari wao ningefanya hivyohivyo. Walimuuliza maswali kwa sauti ya kawaida, naye, kwa kutosikia, akaitikia ndiyo kwa mambo ambayo hakuyajua. Swali moja lakini alilisikia vizuri, kwa kuwa walilirudia sana: umetumwa na nani? Hilo hakulijibu. Angesema tu kwamba kuna kijana wa duka Kisii aliyemfundisha, labda angetoka mapema. Hakusema. Siku moja ikawa wiki, wiki zikafuatana, mvua za kwanza zikaanza huku kwetu na kinu kimefungwa.

Aliyemtoa ni mzee wa kanisa wa Musoma. Mama alikuwa akisimulia kwa mara nyingine, kwa Kiswahili chake cha kuuza na kununua, na alipolifikia lile neno yule mzee alimsimamisha. Akamtaka alirudie. Kisha akachukua kofia akaenda naye kituoni, akamwambia mkubwa wa pale, "Afande, huyu mtu hakutumwa na serikali yoyote. Ametumwa na Musa."

Afande akavuta kalamu. "Musa nani? Anakaa wapi?"

Ilichukua muda kuelewana. Mama anasema afande alipofahamu aliweka kalamu chini na kufuta macho, akamwambia mzee wa kinu, "Mzee wangu, siku nyingine sema umekuja kutembea." Walisindikizwa mpaka basi la kwenda mpakani. Mwanza hawakuiona.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeisimulia harusini. Lakini muda wote huo Ekerenyo ilikuwa na swali lisilo na jibu: mtu asiye na msiba wala biashara amekwenda Tanzania siku chache, mbona harudi? Na swali lisipojibiwa hujijibu lenyewe. Huku kwetu husemwa kwamba dawa kali hutoka upande ule wa ziwa. Wakasema kutembea kulikuwa kisingizio. Wakasema amekwenda kununua, na kinachonunuliwa huchukua muda kutengenezwa. Aliporudi amekonda na hataki kuzungumza, wakaona imethibitika. Mtoto wa jirani alipougua wakati wa baridi, akina mama walianza kupita na mahindi yao mbele ya kinu, kimyakimya, kwenda kusaga mbali. Asubuhi moja mkanda wa injini ulikutwa umekatwa kwa panga. Ndipo zikaanza habari kwamba kinu husaga chenyewe, bila injini, na kwamba kinachosagwa si mahindi. Neno letu la mchawi, omorogi, halikutamkwa mbele yake kamwe. Lilizungukwa tu, kama shimo lililo njiani.

Nilimpelekea mkanda mpya mwenyewe, na nikamwambia nitasimama kanisani niseme yote: neno, ramani, Musoma. Wakati huo nilikuwa nimeandika makala yangu mawili ya kwanza gazetini na watu walikuwa wameanza kuniita mtu wa Kiswahili. Sitajisifu kwa kujitolea kule. Nadhani alisikia kwa macho kwamba naomba anikataze. Akanikataza.

"Mimi niliogopa wakikujua watakufuata mpaka huku," alisema, akifunga mkanda, bila kuinua kichwa. "Nimelala ndani ili usijulikane. Sasa unataka kwenda kujulikana mwenyewe?"

"Tata, watu wanasema mambo mabaya."

"Jina langu limeshasagwa, momura. Lako ndiyo kwanza punje."

Nikamtii. Nilikuwa na adabu siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Niliendelea kuandika, nikijifunza kila neno kutoka pande zake zote, nikiwaandikia wahariri kuwasahihisha. Na kila niliposifiwa kwa usafi wa lugha, kulikuwa na mtu mlimani aliyekuwa akiwasagia wateja wachache waliokuja kwake kwa kuwa vinu vingine viko mbali nao tu. Aliniamkia vizuri kila tulipokutana. Hakulitaja tena lile jiwe, na kalenda sikuiona tena.

Nimefikiri sana juu ya wale wenyeji barabarani Musoma, na juu yetu. Kule waliogopa kwamba mgeni anayetazama anatazama kwa niaba ya mtu. Huku tuliogopa kwamba mwenzetu aliyekwenda kutazama alikuwa na haja iliyofichika. Hofu ilikuwa moja, imevaa nguo mbili, na pande zote mbili hakuna aliyeweza kuamini kwamba mtu aliyefanya kazi maisha yake yote anaweza kutaka kuona jiwe. Sasa mpaka wa kusini umefungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, na meli haituvushi tena. Viongozi wanapeana maneno makali redioni, na naona vijana wetu wanayarudia dukani bila kujua yametoka kinywani mwa nani wala yatamfikia nani. Neno halirudi kwa mwenyewe likiwa limeumia. Huumia yule anayelibeba.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda tena Ekerenyo. Mama alikuwa barazani, mlango nyuma yake umefungwa kwa mti mzito mchana kweupe. Nilimwambia kwamba nataka kuandika, na kwamba nitaandika sababu yote, ili wale vijana wanaoongea wawe na kitu kingine cha kuongea. Nilimuuliza kama mzee alikuwa ameacha neno la kunikataza.

"Alikukataza akiwa hai," alisema. "Mimi ndiye niliyebaki hai. Andika. Lakini uandike kama watu wanavyoongea, wasije wakakuuliza Musa nani."

Alicheka kidogo, peke yake, kisha akatazama njia. Vijana wawili walikuwa wamesimama pale chini penye mgomba, wanatutazama, na tulipowatazama hawakuondoka. Niliteremka nikawafikia. Niliwaambia jina langu na la duka, nikawaambia kwamba safari ile ya mzee niliipanga mimi, kwamba hakuleta kitu, na kwamba alichelewa kwa sababu ya ujinga wangu. Mmoja alisema, "Wewe ndiye wa gazeti?" Nikasema ndimi. Sikujua kama wameamini.

Ndiyo maana leo safu hii haina utani mwingi. Mzee alikwenda kutembea. Hakuna kitu ndani ya nyumba ile. Tangu wakati ule simfundishi mtu neno ambalo mimi mwenyewe sijalisikia kwa wanaolitumia, na tangu wiki hii, anayeuliza pale Ekerenyo nani wa kulaumiwa hupewa jina langu.